Mboga Isiyongoja Boti la Mokowe

Novemba 2023 Mto Tana ulifurika ukaimeza barabara ya Garsen hadi Lamu. Pale Gamba na Lango la Simba lami ilipotea chini ya maji, malori yakakwama upande wa pili. Aprili na Mei 2024 mafuriko yakarudi, mahali pale pale. Anayekaa Nairobi aliisoma habari hiyo kama habari ya barabara. Kwa mtu wa Amu, yaani mji wa Lamu, ilikuwa habari ya chungu.

Tazama safari ya hoho moja hadi ifike Amu. Imechumwa bara, ikapakiwa lori Mombasa au Malindi, ikapita Garsen na Witu mpaka Mokowe. Hapo hushushwa, ikatiwa kwenye boti, ikavuka mkono wa bahari hadi jeti, kisha hamali au punda akaifikisha sokoni, kando ya ngome. Kila mkono ulioigusa umelipwa. Na ikifika, mara nyingi ngozi yake imeshakunjamana, ile sauti yake ya kuvunjika kisu kinapopita imekwisha. Mama anayeinunua analipia safari kuliko mboga.

Jina lenyewe linachanganya. Wengi Pwani husema pilipili boga, wengine pilipili mboga. Bara na Tanzania ni hoho. Kwa wazee, na katika kamusi za zamani, pilipili hoho ilikuwa ile nyekundu inayowasha, ikitofautishwa na pilipili manga, iliyopewa jina la Manga, yaani Uarabuni. Kali na tamu ni ndugu: asili yao ni Amerika, nazo zilifika pwani hii baada ya Wareno. Hapa hiyo tamu nitaiita hoho, maana ndilo jina lililoandikwa kwenye pakiti za mbegu.

Nasema hoho ni zao la kujinusuru kwa Amu, na najua pingamizi litakalokuja kwanza. Hoho ni kiungo cha mchuzi na kachumbari, itamwokoaje mtu na njaa? Kwa kushibisha, haitamwokoa. Gramu 100 za hoho ya kijani hutoa kalori 20 hivi. Muhogo wa uzito huo huo hutoa 160. Anayetaka kitu cha kujaza tumbo wakati wa ukame apande muhogo na kunde, wala asidanganywe na mtu. Lakini kisiwani lazima tuulize swali jingine: barabara ikikatika, ni nini kinachotoweka kwanza jikoni?

Si mchele. Gunia la mchele hukaa stoo miezi, na unga nao huvumilia wiki kadhaa. Nazi ziko mashambani nyuma ya mji. Samaki yupo baharini, na asipopatikana mbichi kuna papa mkavu na ng'onda. Kinachokufa kwanza ni kibichi: nyanya, hoho, mboga za majani, matunda ya kutoka mbali. Chakula kikavu husafiri na kungoja. Kibichi hakingoji. Kwa hiyo katika Amu zao la kujinusuru ni lile linaloziba pengo hili pia, na pengo hili ndilo tunalolisahau tunapohesabu magunia.

Pwani yetu ilishashuhudia pengo hilo la vibichi linavyoua. Januari 1499 Vasco da Gama alitia nanga Malindi akitoka Bara Hindi. Njiani alikuwa amezika watu 30 hivi baharini. Fizi zilivimba hadi kufunika meno, miguu ikafura. Alichoagiza Malindi kwa ajili ya wagonjwa kilikuwa machungwa. Ilichukua zaidi ya miaka 400 kujua kilichokuwa ndani ya machungwa hayo. Mwanasayansi wa Hungaria, Albert Szent-Györgyi, ndiye aliyekitenga kwa wingi, na hakutumia machungwa: mwanzoni mwa miaka ya 1930, mjini Szeged, aliikuta vitamini C tele katika pilipili nyekundu za kwao, jamaa wa hoho. Mwaka 1937 akapewa Tuzo ya Nobel.

Gramu 100 za chungwa zina miligramu 53 hivi za vitamini hiyo. Hoho ya kijani ina 80, na ikiachwa iive hadi kuwa nyekundu hupita 120. Mtu mzima huhitaji 45 kwa siku kwa kipimo cha mashirika ya FAO na WHO. Hoho moja ya wastani, ikikatwakatwa kwenye kachumbari, inawatosha watu wawili. Mbichi lakini, kwani moto huiharibu sehemu ya vitamini hiyo. Tena ikiliwa pamoja na kunde au maharagwe husaidia mwili kufyonza madini ya chuma, jambo lenye uzito kwa mama mjamzito ambaye wiki hiyo hana nyama.

Waamu hawakuwa watu wa kungoja lori siku zote. Karne ya 19 Amu na Pate zililima bara, ufuta na mtama na mahindi, kwa jasho la watumwa, na hilo halifai kufichwa. Baadaye wakulima huru, Wabajuni hasa, wakawa wanavuka na msimu kwenda mashamba yao ya ng'ambo na kurudi na mavuno. Vita vya Shifta, 1963 hadi 1967, viliwafukuza wengi kutoka vijiji vya bara vya upande wa Kiunga, na mashamba mengi yakawa msitu. Miaka ya 1970 serikali ikagawa ardhi Mpeketoni katika mradi wa Ziwa Kenyatta, na Mpeketoni ikawa ghala la kaunti. Kisha usiku wa 15 Juni 2014 ukaja na mauaji hapo hapo Mpeketoni; ikafuata kafyu, na magari yakawa yanakwenda kwa misafara ya polisi. Vita, risasi, mto: kila mara ni njia ileile inayofungwa. Na Lamu imo katika kaunti 23 kame ambazo Mamlaka ya Taifa ya Kukabiliana na Ukame huzifuatilia mwaka mzima.

Kilichobaki ambacho hakuna wa kukifunga ni uani mwetu.

Nyumba ya mawe ya Amu ina kiwanda, ule uwanja wa ndani ulio wazi juu. Wanawake wamepanda humo asumini na mrehani vizazi na vizazi. Mkono uliozoea kumwagilia mrehani kila jioni hauhitaji semina ya kufundishwa kutunza mche wa hoho. Kuta ndefu huukinga na upepo wa Kusi unaobeba chumvi ya bahari, na hiyo ni neema ambayo mkulima wa shamba la wazi hana. Tatizo ni jua. Hoho inataka jua la saa sita hivi kwa siku, na kiwanda chembamba huenda kisipate hata tatu. Hapo pandisha madebe juu, kwenye dari karibu na jiko, uyaezekee kipande cha makuti upande wa magharibi ili jua la alasiri lisiyachome.

Debe au dumu la lita 20 lililokatwa juu linatosha mche mmoja. Litobolewe chini. Mchanga wa Amu peke yake hauwezi kazi hii, maji hupita kama kwenye chujio. Lakini mji wenye maelfu ya punda una dawa yake mlangoni: samadi. Isitumike mbichi. Ifukiwe na ifunikwe miezi miwili au mitatu hadi iwe nyeusi isiyonuka, kisha ichanganywe nusu kwa nusu na mchanga. Makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa yakiwekwa chini hushika unyevu, mradi yasiwe yale yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya kusokota kamba, kwani hayo yamekunywa chumvi.

Chumvi ndiyo adui mkubwa. Hoho huvumilia kidogo sana. Maji baridi ya Amu hukaa juu ya maji ya bahari, chini ya machuguu ya mchanga ya Shela, na kila pampu yenye nguvu inayofungwa humo huyavuta yale ya chumvi yapande. Maji ya kisima ukiyaonja yakawa na ukali ulimini, usiupe mche. Upe maji ya mvua. Visiwa vya kaskazini, Ndau na Kiwayu, vimeishi kwa jabia, birika za kukusanyia maji ya mvua, miaka mingi, na elimu hiyo ya kukinga mvua ndiyo tunayoihitaji juu ya mapaa ya mji. Yapo pia maji tunayoyamwaga bila kufikiri, ya kuoshea mchele na ya udhu, ambayo hayana sabuni. Nyumba ya watu sita ina maji ya udhu ya kutosha madebe kadhaa.

Joto ni jambo la pili. Mchana ukipita nyuzi 32 na usiku usipopoa, ua hudondoka kabla ya kushika tunda. Ndiyo maana aliyepanda akitazamia mavuno ya Februari na Machi huona mti mzuri usio na kitu akadhani amerogwa. Amu ina dirisha lake: Julai hadi Septemba, Kusi linapopuliza na usiku kupoa. Kilimo cha hoho hapa kihesabiwe kurudi nyuma kutoka miezi hiyo. Maji yawe ya kila siku, kwa kipimo kimoja. Ukiunyima mche maji siku tatu kisha ukaufurikisha, tunda huoza kitakoni, na hakuna dawa ya duka itakayoliponya.

Vidukari na inzi weupe watakuja. Mwarobaini umejaa mjini: twanga majani, loweka usiku kucha, chuja, tia sabuni kidogo, nyunyiza magharibi chini ya majani. Mche ambao majani yake yamejikunja na kupata mabaka ya manjano ung'olewe, kwani ni ugonjwa wa virusi na vidukari wataueneza. Na neno moja kwa ndugu zetu wa Pate wanaolima tumbaku: tumbaku na hoho ni ukoo mmoja, na virusi vya tumbaku huishi hata kwenye jani kavu na kwenye sigara. Aliyeshika tumbaku anawe kwa sabuni kabla hajagusa mche wa hoho.

Mwisho ni mbegu, na hapa sina simile. Mbegu chotara huzaa sana, lakini kizazi chake cha pili hakitabiriki, na mwaka unaofuata unarudi dukani, dukani nako ni ng'ambo ileile ya Mokowe. Kwa kujinusuru panda mbegu ya kawaida kama California Wonder, inayouzwa kote Kenya. Acha matunda mawili ya mche bora yaive mekundu kabisa, toa mbegu, zianike kivulini wiki nzima, zitie kwenye chupa kavu na punje za mchele. Pilipili ndefu kali iwe mbali, la sivyo nyuki watazichanganya na hoho za mwakani zitawasha.

Kaunti na wahisani wakitaka kusaidia, wasilete miche ya kupigia picha. Walete matangi ya mvua katika shule na misikiti, na pakiti za mbegu zisizo chotara.

Masika ya Amu huanza Aprili na kufika kileleni Mei. Sia mbegu Aprili chini ya makuti, hamisha miche Juni mvua zikipungua, na Agosti utaanza kuchuma. Tafuta debe sasa, na samadi uifukie kabla ya Februari.