Maharage 32 na Vita ya Watu Laki Nne

Mpwa wangu aliinamia meza ya sebuleni, akasogeza harage jeupe kuelekea kaskazini, kisha akarusha dadu mbili. Zikaja 3 na 1. Nikamwambia alirudishe harage mahali pake.

"Mjomba, mimi ndiye jenerali. Nimesema waende!"

Umesema, nikamjibu, lakini hawajakusikia bado.

Ilikuwa Jumamosi ya mvua hapa Gisenyi. Juu ya meza tulitandika kitambaa cha kijani, na chini yake tukapanga mawe ya volkano, haya amakoro tunayojikwaa nayo kila siku, ili kitambaa kipande na kushuka kama vilima. Harage jeupe lilikuwa brigedi ya Austria, kwa kuwa makoti ya askari wa Austria yalikuwa meupe, na jeusi brigedi ya Prusia. Vita yenyewe ni ya Königgrätz, iliyopiganwa tarehe 3 Julai 1866 huko Bohemia, katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Cheki. Siku hiyo moja walikutana watu zaidi ya 400,000.

Watu 400,000 utawawekaje mezani? Wanaotunga kanuni za michezo ya vita huanza na swali hilo, na wengi hukosea hapo hapo. Huchukua kanuni za pigano dogo, la batalioni moja na kilima kimoja, wakaongeza tu idadi ya vikosi. Mchezo unakuwa mrefu mpaka wachezaji wanauacha njiani.

Hesabu yake ni nyepesi. Mwaka 1824 afisa kijana wa Prusia, von Reisswitz, alichapisha kanuni za mchezo aliouanzisha baba yake. Ulichezwa juu ya ramani ya 1 kwa 8,000, kukiwa na mwamuzi na dadu, na kila zamu ilihesabiwa kuwa dakika mbili za vita. Jeshi la Prusia liliupokea kama chombo cha kufundishia maafisa. Kwa pigano la saa moja, zamu 30 si nyingi. Ila Königgrätz ilichukua takriban saa kumi, yaani zamu 300. Nani ana mwezi mzima wa kukaa mezani?

Kwa hiyo tunapanua kipimo. Zamu moja kwetu ni saa nzima, na vita inakwisha kwa zamu kumi, alasiri moja. Sentimita moja ni mita 100, hivyo uwanja wa kilomita 12 unaenea kwenye sentimita 120. Kila harage ni watu 6,000 au 7,000. Ukizihesabu brigedi za miguu za Austria pamoja na za Wasaksoni waliopigana upande wao, unapata thelathini na ushei, karibu sawa na kete 32 alizonazo kila mchezaji wa igisoro, bao letu la Kinyarwanda. Nilipoligundua hilo nilifurahi sana. Wingi huo ndio mkono na jicho la mtu mmoja vinaweza kuumudu bila kuchoka.

Ukishapanua kipimo, mambo mengi ya chini inabidi uyaache. Jenerali wa jeshi zima haamui batalioni ipi ijipange mstari na ipi iende safu, hiyo ni kazi ya kanali. Hahesabu risasi. Prusia ilikuwa na bunduki ya Dreyse, iliyoshindiliwa nyuma, na askari aliweza kufyatua mara tano kwa dakika huku amelala chini. Mwaustria alikuwa na bunduki ya kushindilia mdomoni, jamii ya gobori zetu, inayofika mbali zaidi lakini inayomlazimu mtu asimame na kupoteza muda. Katika kanuni za pigano dogo, tofauti hiyo hujaza kurasa za majedwali. Kwangu ni nyongeza ya 2 kwenye dadu za Mprusia pale Mwaustria anaposhambulia kwa singe. Mizinga ya Austria, iliyokuwa bora siku ile, inapata nyongeza yake kwa mbali. Yanatosha.

Nisichopunguza hata kidogo ni kanuni ya amri. Kila kundi la brigedi nne lina kamanda wake, na kila zamu mchezaji anarusha dadu mbili kwa kila kundi. Jumla ikiwa 7 au zaidi, kundi linatii. Ikiwa 5 au 6, linakwenda nusu ya mwendo. Ikiwa 4 au chini yake, halibanduki. Dadu mbili zina namna 36 za kuanguka: 21 zinaleta utii kamili, 9 nusu, na 6 zinakugomea. Sasa mpunguzie kamanda dhaifu alama moja tu. Utii kamili unashuka kutoka namna 21 hadi 15, na kugoma kunapanda kutoka 6 hadi 10. Alama moja, na jeshi limekuwa zito kama mtumbwi ulioingia maji.

Mpwa wangu aliona hiyo ni bahati nasibu. Nikamsimulia kilichotokea. Asubuhi ile ilikuwa ya mvua na ukungu, na juu yake moshi wa baruti. Jenerali Benedek wa Austria alipanga makundi mawili ya jeshi lake, la pili na la nne, yalinde ubavu wa kulia. Mbele yao ulikuwepo msitu, Swiepwald, ambao divisheni moja ya Prusia chini ya Fransecky ilikuwa imeuingia. Makamanda wa Austria waliona adui mchache, karibu, wa kushindika. Wakaacha mahali walipopangiwa, wakamimina brigedi baada ya brigedi msituni. Divisheni ya Fransecky iliumia vibaya lakini haikuondoka. Ubavu ukabaki wazi.

Kwa upande wa pili, Jenerali Moltke wa Prusia alikuwa na jeshi zima lililokuwa mbali, la Mwanamfalme wa Prusia. Simu ya waya haikumfaa usiku ule. Afisa mmoja alipanda farasi, akapita gizani na barua, akafika yapata saa kumi alfajiri. Jeshi lile lilitembea asubuhi nzima kwenye matope, na mchana likatokea pale pale palipoachwa wazi. Kijiji cha Chlum, katikati ya mstari wa Austria, kikatekwa. Benedek alipoambiwa, mwanzoni hakuamini. Jioni Austria na Saksoni walikuwa wamepoteza watu wapatao 44,000, wakiwemo mateka wengi; Prusia kama 9,000.

Kanuni inayomruhusu mchezaji kusogeza kila harage apendavyo haiwezi kuizaa siku kama ile. Anayeona meza yote kutoka juu hawezi kuuacha ubavu wazi. Ndiyo maana napenda kuilinganisha na igisoro. Wazee wanaocheza chini ya mti huona mashimo yote 32, yao na ya mwenzao, na kete zikishaanza kusambazwa haziwezi kukataa. Hesabu ni kali na ukishindwa umeshindwa kwa akili yako. Ni mchezo mkubwa, naupenda, lakini vita yake ni ya jenerali asiye na ukungu wala barua iliyochelewa.

Uwanja wa kujaribia kanuni hizi hauko mbali nasi. Wajerumani waliokaa hapa Kisenyi, kama ulivyoitwa mji, walitoka katika jeshi lililofundisha maafisa wake kwa mchezo huo wa Reisswitz. Katika Vita Kuu ya Kwanza, tarehe 24 Septemba 1914, walikiteka kisiwa cha Ijwi, na chini ya Kapteni Max Wintgens waliushika mstari huu wa ziwa na volkano dhidi ya Wabelgiji wa Kongo hadi Mei 1916.

Kwa vita hiyo nilibadili kipimo tena. Sentimita ni kilomita, na Kigali, iliyo kama kilomita 90 kwa mstari ulionyooka, inakaa sentimita 90 kutoka Gisenyi. Zamu ni siku moja. Na kila harage la askari lazima lifuatwe na punje za mahindi, ambazo ni wapagazi. Tukichukulia mpagazi anabeba kilo 25 na anakula kilo moja kwa siku, akienda mwendo wa siku 12 na kurudi, karibu mzigo wake wote ameula mwenyewe. Hapo mtu anaelewa kwa nini vita ile iling'oa wanaume vijijini kote Afrika Mashariki, na kwa nini maelfu kwa maelfu yao hawakurudi. Mwanzoni mpwa wangu alizisukuma punje zile kwa kiganja, kwa haraka. Baada ya zamu ya sita alianza kuzihesabu moja moja.

Alikuwa upande wa Wintgens. Nilimwacha na ngome zake hapa ziwani, nikapeleka brigedi ya Kibelgiji ya Molitor kwa kuzunguka, kutokea upande wa Uganda, kama ilivyokuwa kweli. Tarehe 6 Mei 1916 Wabelgiji waliingia Kigali.

"Lakini hujanishambulia," akasema. "Gisenyi bado ni yangu."

Nikamwonyesha punje za mahindi zilizobaki nyuma yake, na njia zilikokuwa zikitokea. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akakusanya maharage yake yote kutoka ukingo wa ziwa, akaanza kuyasogeza kusini, sentimita kumi na tano kwa siku.