Majani Machungu na Malaria: Yanapimwaje Kampala?

Kuna swali ambalo huulizwa mara nyingi kwenye kituo cha afya: "Majani tunayochemsha nyumbani, je, yanatibu malaria?" Ni swali zuri, wala halijibiwi kwa kuwacheka wazee. Dawa mbili kubwa za malaria zimetoka kwenye mimea. Kwinini ilitoka kwenye gamba la mti wa sinkona wa Amerika ya Kusini. Artemisinini, ambayo ndiyo chanzo cha vidonge vya Coartem, ilipatikana mwaka 1972 kutoka kwenye mmea wa artemisia huko China. Mtafiti Tu Youyou alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kazi hiyo.

Hapa Uganda, sehemu kubwa ya kazi ya kupima mimea hufanyika Kampala, katika Chuo Kikuu cha Makerere na katika taasisi ya utafiti wa dawa za asili ya Wizara ya Afya iliyoko Wandegeya. Tuchukue mfano wa mululuza, mti mdogo wa majani machungu ambao Wanyankole huuita omubirizi na wasemaji wa Kinyarwanda huuita umubirizi. Bila shaka unaujua.

Watafiti huanza kwa mganga. Humwuliza anatumia jani au mzizi, kiasi gani, na kwa siku ngapi. Tawi hukaushwa na kuhifadhiwa ili kuhakikisha ni mmea uleule, kwa sababu jina moja la kijijini linaweza kuwa la mimea mitatu. Majani hukaushwa kivulini, husagwa, hulowekwa kwenye maji au spiriti, kisha huchujwa na kubaki utomvu mkavu. Utomvu huo hutiwa kidogo kidogo kwenye chupa zenye damu iliyo na vimelea vya malaria. Watafiti huangalia ni kiasi gani kinachoua nusu ya vimelea. Kikihitajika kingi mno, mmea huo huwekwa kando.

Mimea mingi hufaulu kwenye chupa, ikashindwa baadaye. Chupa haina tumbo wala ini. Dawa ikinywewa inaweza kuharibiwa tumboni kabla ya kufika kwenye damu, au inaweza kuua vimelea na kuharibu figo vilevile. Ndiyo maana panya hupimwa kwanza, kisha watu wachache wanaokubali kwa hiari yao, chini ya uangalizi wa daktari.

Mululuza ulifika hatua hiyo ya watu hapa Uganda. Matokeo yalitolewa mwaka 2009. Wagonjwa walikuwa na umri wa miaka 12 na zaidi, wenye malaria isiyo kali, na walikunywa maji ya majani mabichi. Siku ya 14, wagonjwa 67 kati ya kila 100 walikuwa na nafuu ya kutosha. Habari njema? Subiri kidogo. Kati ya hao waliopata nafuu, ni 32 tu katika kila 100 ambao damu yao haikuwa tena na vimelea, na kati ya hao wenye damu safi, 71 katika kila 100 vilirudi. Piga hesabu: katika wagonjwa 100, wanabaki kama 6 tu.

Artemisia nayo ilijaribiwa Kongo kama chai, na matokeo yakatolewa mwaka 2004. Baada ya siku 7, chai ilikuwa imewaponya wagonjwa kama 74 katika 100, na kwinini 91. Lakini wengi waliokunywa chai waliugua tena. Shirika la Afya Duniani halipendekezi chai hiyo kwa tiba wala kinga, kwa kuwa kipimo cha dawa ndani ya majani hubadilika, na dawa kidogo huwafundisha vimelea kuizoea. Tayari kaskazini mwa Uganda wamegunduliwa vimelea vinavyochelewa kufa kwa artemisinini. Kwa hiyo utafiti wa mimea mingine unahitajika sana.

Sasa, kwa nini jirani yako anaapa kwamba majani yalimponya? Huenda hasemi uongo. Mtu mzima aliyekulia penye mbu wengi ana kinga kiasi mwilini. Homa hushuka, ingawa vimelea bado vimo. Mtoto mdogo hana kinga hiyo. Mama mjamzito hulindwa kidogo, na aliyetoka milima ya baridi ya Kivu, ambako malaria ni haba, hana kinga ya kutosha. Kwao, kungoja siku mbili kuona kama majani yatafanya kazi ni hatari kubwa: malaria inaweza kumwua mtoto katika muda huo.

Basi mtoto akipata homa, mpeleke siku hiyohiyo akapimwe damu kidoleni. Kipimo huchukua kama dakika 15. Akikutwa na malaria akapewa Coartem, dozi ni 6 kwa siku 3: ya pili baada ya saa 8, kisha asubuhi na jioni, pamoja na chakula au maziwa. Usizikatize homa ikishuka. Akitapika kila kitu, akishtuka kwa degedege au akishindwa kunyonya, usingoje asubuhi.

Na kama amekwisha kunywa majani, mwambie mhudumu ni majani gani, na chukua tawi lake. Hutagombezwa. Mhudumu anahitaji kujua kilichomo tumboni mwa mtoto kabla ya kuongeza dawa nyingine.