Fahamu kwa nini chombo cha India kiliizunguka Dunia kwa karibu wiki nne kabla ya kuelekea Mirihi

Novemba 5, 2013, saa 6:08 mchana kwa saa za Afrika Mashariki, roketi ya PSLV-C25 iliruka kutoka Kituo cha Anga za Juu cha Satish Dhawan kilichopo Sriharikota, katika pwani ya mashariki ya India, ikiwa imebeba chombo cha kwanza cha nchi hiyo kwenda katika sayari ya Mirihi. Dakika 44 baadaye chombo hicho, kinachofahamika zaidi kwa jina la Mangalyaan, kilijitenga na roketi, na Shirika la Utafiti wa Anga za Juu la India (ISRO) likatangaza kuwa urushaji umefanikiwa.

Tangazo hilo lilikuwa sahihi, lakini chombo kilikuwa hakijaanza safari ya Mirihi. Kilikuwa kimewekwa katika mzingo, yaani njia ya kuizunguka Dunia, wenye umbo la yai: upande mmoja kilipita kilomita 248 tu juu ya uso wa Dunia, na upande wa pili kilifika umbali wa kilomita 23,550. Kiliendelea kuzunguka hivyo, huku mzingo ukirefushwa hatua kwa hatua, hadi usiku wa kuamkia Desemba 1. Katika kipindi hicho ISRO ilitoa mfululizo wa matangazo mafupi yaliyojaa tarakimu. Aliyejua kuyasoma alitambua kuwa sehemu kubwa ya hatari ya safari nzima ilikuwa inapitiwa pale pale, jirani na Dunia.

Chanzo cha utaratibu huo ni roketi yenyewe. PSLV iliundwa kwa ajili ya kupeleka setilaiti katika mizingo ya karibu na Dunia, wala haikuwa na nguvu ya kukitupa chombo chenye uzito wa kilo 1,337 moja kwa moja kuelekea sayari nyingine. India ilikuwa na roketi kubwa zaidi, GSLV, lakini safari zake mbili za mwaka 2010 zilishindwa. Kusubiri nako kulikuwa na gharama, kwa kuwa Dunia na Mirihi hukaa katika nafasi inayofaa kwa safari mara moja tu katika kila miezi 26 hivi. Aliyekosa nafasi ya mwaka 2013 angesubiri hadi 2016. Ikaamuliwa itumike roketi ndogo lakini ya kuaminika, na kazi iliyobaki ifanywe na injini ya chombo chenyewe. Ndiyo maana kilo 852 za uzito wa chombo hicho, zaidi ya nusu, zilikuwa mafuta.

Tofauti ilionekana wazi siku chache baadaye. Novemba 18 Marekani ilirusha chombo chake cha MAVEN kwa roketi ya Atlas V, ambayo ilikielekeza Mirihi siku hiyo hiyo. Kiliondoka baada ya kile cha India na kikafika siku mbili kabla yake.

Injini kuu ya Mangalyaan ilikuwa na msukumo wa nyutoni 440, nguvu inayotosha kuinua mzigo wa kilo 45 hivi hapa duniani. Kwa msukumo mdogo kiasi hicho, kazi hufanywa kama inavyosukumwa bembea. Msukumaji hamalizi kwa mara moja. Husukuma kila bembea inaporejea kwake, na kila msukumo huipeleka mbali zaidi upande wa pili. Vivyo hivyo, injini iliwashwa kila chombo kilipopita karibu na Dunia, mahali ambapo mwendo wake ni mkubwa zaidi na kila kilo ya mafuta huongeza nishati nyingi zaidi. Matokeo yake yalionekana upande wa mbali wa mzingo.

Hapo ndipo tarakimu zilipowachanganya wengi. Novemba 7 injini iliwaka kwa sekunde 416 na kuusogeza upande wa mbali hadi kilomita 28,825, nyongeza ya kilomita elfu tano na ushei. Siku iliyofuata ulifika kilomita 40,186. Novemba 9, kwa sekunde 707, ulifika kilomita 71,636. Lakini Novemba 16, kwa sekunde 243 tu, ulisogea kutoka kilomita 118,642 hadi 192,874. Injini haikuwa imeongezewa nguvu. Kadiri chombo kinavyokaribia mwendo wa kuuacha mvutano wa Dunia, ndivyo nyongeza ndogo ya mwendo inavyokifikisha mbali zaidi. Kwa hiyo anayefuatilia matangazo ya aina hii hana budi kutazama mita kwa sekunde zilizoongezwa kabla ya kutazama kilomita.

Kipimo hicho ndicho kilichofichua tatizo la Novemba 11. Siku hiyo chombo kilipaswa kuongezewa mwendo wa mita 130 kwa sekunde na kufika umbali wa kilomita 100,000 hivi. Kiliongezewa mita 35 tu, na upande wa mbali ukaishia kilomita 78,276. ISRO ilieleza siku hiyo hiyo kuwa wahandisi walikuwa wakijaribu mifumo ya akiba. Vali inayoruhusu mafuta kuingia katika injini huendeshwa kwa koili ya umeme, na ipo koili ya pili endapo ya kwanza itaharibika. Kila moja ilipotumika peke yake ilifanya kazi. Zilipopewa umeme kwa pamoja, mafuta yaliacha kutiririka kwenda katika injini kuu, na injini ndogo zinazotumika kukielekeza chombo zikaendeleza kazi kwa nguvu yake hafifu.

Hofu iliyozuka haikuwa ya bure. Chombo cha Japani cha Nozomi, kilichorushwa mwaka 1998, kilipata hitilafu ya vali wakati kikiondoka jirani na Dunia. Kilitumia mafuta mengi kujisahihisha, na hatimaye hakikuweza kuingia katika mzingo wa Mirihi. Chombo cha China, Yinghuo-1, kilichokuwa kimepakiwa pamoja na chombo cha Urusi mwaka 2011, hakikuondoka kabisa karibu na Dunia. Mangalyaan ilinusurika kwa sababu hitilafu ilijitokeza katika hatua ambayo ingeweza kurudiwa. Alfajiri ya Novemba 12 injini iliwashwa kwa sekunde 303.8, ikaongeza mita 124.9 kwa sekunde, na chombo kikarejea katika ratiba. Inafaa kusema kwamba kasoro hiyo kugunduliwa Novemba, chombo kikiwa bado kinarejea karibu na Dunia, ilikuwa heri kuliko kugunduliwa Mirihi, ambako injini ilikuwa na nafasi moja tu.

Desemba 1, saa 6:49 usiku kwa saa za India (Afrika Mashariki ilikuwa bado Novemba 30, saa 4:19 usiku, ndiyo sababu tarehe hutofautiana katika taarifa mbalimbali), injini iliwaka kwa zaidi ya dakika 22 na kuongeza mita 648 kwa sekunde. Safari hii chombo hakikurejea.

Kilichofuata kilikuwa ukimya. Yalifanyika masahihisho madogo mawili ya njia, Desemba 2013 na Juni 2014, huku injini kuu ikikaa bila kuwashwa kwa takribani siku 300. Septemba 22, 2014 iliwashwa kwa sekunde nne kujaribiwa, ikaitika. Siku mbili baadaye ilipaswa kuwaka kwa dakika 24 hivi ili kukipunguza mwendo chombo kinaswe na mvutano wa Mirihi. Mawasiliano yalihitaji zaidi ya dakika 12 kufika Dunia, na sehemu ya kazi hiyo ilifanyika chombo kikiwa nyuma ya sayari, kisikoonekana. Hivyo maelekezo yote yalikuwa yamehifadhiwa ndani yake mapema, pamoja na mpango wa akiba wa kutumia injini ndogo nane endapo ile kuu ingekataa.

Haikukataa. India ikawa nchi ya kwanza ya Asia kuingiza chombo katika mzingo wa Mirihi, na tangazo la ISRO la Septemba 24 lilikuwa na tarakimu za aina ile ile iliyozoeleka tangu Novemba: upande wa karibu kilomita 421.7, upande wa mbali kilomita 76,993.6, mzunguko mmoja kwa saa 72 na dakika 51. Kazi iliyopangwa ilikuwa ya miezi sita. Chombo kiliendelea kuwasiliana na Dunia hadi mwaka 2022.