Gari ya drift kwa franga kidogo: tuanzie wapi?

Leo siandiki juu ya muhogo wala mbolea. Najua wengine mtauliza lisansie wa agronomia anatafuta nini kwenye mambo ya mekaniki. Mnivumilie kidogo. Shamba langu limo ndani ya habari hii, na lilikaribia kuliwa lote.

Mwezi wa tisa mdogo wangu aliyeko Lubumbashi alinipigia simu: «Yaya, motokari nimepata! Altezza. Moteri iko muzima. Inabakia tu kuitengeneza ya drift. Unikopeshe dola 900.»

Dola 900 nilikuwa nazo. Ilikuwa franga ya mbegu, mbolea na vibarua kwa hekta mbili za mahindi hapa Kamina, na mvua ilikuwa inakaribia. Sikutaka kumwambia hapana bila kujua ninakataa nini. Nikamwambia: nipe juma mbili, nisome kwanza. Nikaenda kwa mafundi wawili hapa mjini, nikatazama video usiku wakati rezo iko nzuri, nikajaza daftari. Haya ndiyo niliyoyaelewa, maana najua humu kuna vijana wengi wenye ndoto ile ile.

1. Drift ni nini?

Ni kuendesha gari wakati pine za nyuma zimepoteza mshiko kwa makusudi. Gari inapita kona ubavu-ubavu, na dereva anageuza volani upande wa pili ili isizunguke. Kazi kubwa iko kwenye mguu wa kuume: ukikanyaga sana, gari inazunguka, ukiachia ghafla, pine zinashika tena kwa nguvu na gari inarushwa upande mwingine.

Mchezo huu ulikulia Japani. Kunimitsu Takahashi, dereva wa mashindano, anatajwa kuwa ndiye aliyeonyesha njia katika miaka ya 1970. Baadaye Keiichi Tsuchiya aliueneza na Toyota Corolla AE86, gari ndogo iliyotengenezwa kati ya 1983 na 1987, moteri ya lita 1.6 tu. Karibu na sisi, Afrika Kusini wana mchezo unaofanana nao, wanauita spinning. Ulitoka Soweto na BMW za zamani, na mwaka 2014 shirikisho la michezo ya magari la nchi ile liliukubali kuwa mchezo rasmi. Kwa hiyo hata pale Japani na pale Soweto, watu walianza na magari waliyokuwa nayo.

Sisi wa agronomia tunaujua mtelezo. Trakta ikilima, pine zake hazishiki asilimia mia. Zinateleza kidogo, na kazi inaenda vizuri zaidi mtelezo ukiwa kati ya asilimia 8 na 15 hivi. Ukizidi, unachimba shimo na kuchoma mazutu bure. Drift ni mtelezo ule ule, ila dereva ndiye ameutaka na lazima autawale.

2. Gari gani inafaa?

Vitu vitatu: moteri iwe mbele, pine za nyuma ndizo zisukume, na vitesi viwe vya mkono. Gari nyingi ndogo tunazopanda kama teksi zinasukuma kwa pine za mbele, hizo haziwezi kazi hii.

Altezza inafaa. Ni sedani ndogo ya kimichezo ambayo Toyota ilianza kuiuza mwaka 1998. Ziko za aina mbili, zote za lita 2: yenye silinda 4 inafika farasi 210 ikiwa na vitesi vya mkono, na yenye silinda 6 ina farasi 160. Mdogo wangu alihuzunika alipojua yake ni ya 160. Nikamkumbusha kwamba AE86 ilikuwa na 130 hivi. Ni kweli AE86 ni nyepesi kuliko Altezza, lakini mtu anayeanza hakosi nguvu. Anakosa mazoezi.

Kuna jambo moja la kwetu. Altezza ilitengenezwa kwa soko la Japani, volani iko kuume, na sisi Congo tunapita kuume. Ukitaka kupita lori, huoni kinachokuja mpaka gari nzima imeshatoka. (Ile ya volani ya kushoto iliuzwa Ulaya kwa jina la Lexus IS200.) Kwenye uwanja uliofungwa haina neno, barabarani ni hatari. Tena uliza habari ya dokima mbele ya kulipa, si baada ya kulipa.

3. Difransieli, moyo wa habari yote

Ndani ya ponti ya nyuma kuna difransieli. Kazi yake ni kuruhusu pine mbili za nyuma zizunguke kwa mwendo tofauti. Fanya hesabu ya shule: kati ya pine ya kushoto na ya kuume kuna mita 1.5 hivi. Gari ikizunguka duara moja nzima, pine ya nje inatembea mita 9.4 zaidi ya pine ya ndani (1.5 × 2 × 3.14), duara iwe kubwa au ndogo. Bila difransieli, pine moja italazimika kuburutwa.

Lakini difransieli ya kawaida ina ugonjwa wake: pine moja ikipoteza mshiko, inazunguka bure na ya pili haipati nguvu ya kutosha. Kila mtu aliyekwama kwenye matope amekwisha kuuona ugonjwa huo. Ndiyo sababu trakta ina pedali ya kufunga difransieli. Unaikanyaga ukikwama, pine mbili zinazunguka pamoja, unatoka, unaiachia. Mwalimu wetu wa mashini alirudia mpaka tukachoka: usigeuke wakati imefungwa, utavunja kitu.

Drift inataka pine mbili za nyuma ziteleze pamoja. Njia ya kwanza ni kununua difransieli maalumu yenye sahani za msuguano. Ni nzuri, ni ghali. Njia ya pili ni ya maskini: kufungua ponti na kusude gia ndogo za ndani zishikane daima. Ukiwa na mtu anayejua kusude vizuri, bei ni ndogo kabisa, na ndivyo wengi wanavyoanza dunia nzima.

Sasa fikirini. Difransieli iliyosudewa ni trakta ambayo pedali imekanyagwa na hakuna mtu wa kuiachia tena. Zile mita 9.4 hazijapotea. Katika kila kona pine inaburutwa na eksi zinakazwa. Kwenye lami yenye maji, pine mbili zinaweza kuachia pamoja hata kama dereva hakuomba drift yoyote.

4. Franga igawanywe namna gani?

Mdogo wangu alikuwa na orodha yake: kusude ponti, egzosi ya kelele, kukata resori gari ikae chini, halafu rangi. Mimi niliigeuza. Huu ni ugawaji wangu, unaweza kuubisha. Kwa kila dola 100:

Dola 45, kuiponyesha gari. Freni kwanza. Halafu mipira na rotule za mbele, maana gari ikilegea mbele huwezi kuirudisha ikishaenda ubavu. Halafu maji: gari ya drift inazungusha moteri sana huku inaenda polepole, upepo unaopita kwenye radiateri ni kidogo. Safisha radiateri, badilisha mabomba yaliyochoka, hakikisha vantilateri inawaka. Mafuta ya moteri yasipungue, kwa sababu kwenye kona ndefu yanakimbilia upande mmoja. Huku kwetu kwenye vumbi, angalia filtre ya hewa kila baada ya mazoezi.

Dola 25, kumlinda dereva. Kiti kinachomshika, kimefungwa kwenye chuma na si kwenye mabati yenye kutu. Mkanda mzima, kaske, chupa ya kuzimia moto. Kama huna franga ya kizimba cha chuma cha kweli, usijenge kimoja kwa bomba za maji. Bomba ile ikipondeka inakuja juu ya kichwa chako.

Dola 20, pine. Za mbele ziwe nzuri, ndizo zinazokuongoza. Za nyuma ziwe okazio, nyembamba, lakini zisiwe na nyuzi zinazoonekana. Hapa ndipo bajeti nyingi zinakufa. Gari unainunua mara moja, pine unazinunua kila mara, na jozi ya nyuma inaweza kuisha siku moja ya lami kavu. Ujanja ni kujifunza kwenye udongo au kwenye lami iliyomwagiwa maji: pine zinadumu, ponti haiteseki, na makosa yanatokea kwa mwendo mdogo.

Dola 10, ponti na freni ya mkono. Badilisha kamba na viatu vya freni ya mkono, ifunge pine zote mbili sawasawa. Inatosha kwa anayeanza.

Dola 0, nguvu ya moteri. Sufuri kabisa kwa mwaka wa kwanza.

Vitu vitatu usifanye: usikate resori, gari itaruka badala ya kukaa. Usisude vipande vya chuma vya volani ili pine zigeuke zaidi, vikivunjika gari haina tena mwelekeo. Na usitoe freni za mbele nguvu eti gari iteleze vizuri.

5. Juma mbili zilikuwa nyingi

Mdogo wangu hakungoja. Nilipofika Lubumbashi mwezi wa kumi, alikuja kunipokea na Altezza ile. Nilisikia pine zikilia kwenye kona ya kwanza, tena tulikuwa polepole. Nikamuuliza: «Umeshasude ponti?» Akacheka. «Yaya, ni rafiki amenisaidia. Bure kabisa.»

Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Hatukuwa tunakimbia. Alikanyaga gaz kidogo akitoka kwenye kona, nyuma ikaondoka, akageuza volani akiwa amechelewa, tukaishia kwenye mferezi. Mbele ya mferezi kulikuwa na mama ameketi na beseni lake la mikate. Kati ya pine yetu na beseni kulikuwa na hatua mbili, labda tatu. Yule mama hakupiga kelele. Alisimama, akatutazama, akaanza kuokota mikate iliyoanguka alipojitupa nyuma. Tulimlipa mikate yote. Mdogo wangu mikono ilikuwa inatetemeka, hakuweza kuhesabu noti, nikamhesabia mimi.

Usiku ule hatukugombana. Nilimchorea duara kwenye daftari, pine ya ndani na pine ya nje, na zile mita 9.4. Akanyamaza. Halafu akasema: «Kumbe haiko nguvu ndiyo ilitutupa.» Ndiyo. Hakuna nguvu iliyotutupa pale. Ni ponti isiyoweza kugeuka, na freni ambazo hakuzitazama tangu anunue gari.

Tulikubaliana hivi. Sikumpa dola 900. Nilimpa 200, na hekta mbili zikawa hekta moja na nusu, hilo ni langu. Kwa 200 ile alinunua difransieli ya kawaida kutoka gari iliyokufa, akairudisha kwenye ponti. Zilizobaki zilienda kwenye freni na rotule. Ile iliyosudewa imefungwa ndani ya gunia, inangoja siku gari itakapovutwa kwa kamba mpaka kwenye uwanja uliofungwa, ikiwa na kiti, mkanda na kaske. Siku hiyo haijafika. Kiti amekwisha kukipata.

Mahindi yangu yamefika magotini. Ananipigia kila juma kuuliza yanaendeleaje, maana dola 100 zijazo zitatoka humo. Nami namuuliza freni.

Kama kuna ndugu humu Lubumbashi, Likasi au Kolwezi anayejua mwenye uwanja mkubwa uliozungushiwa ukuta, anayekubali vijana wafanye mazoezi siku ya Yenga kwa mpango na ruhusa, atuambie. Gari za namna hii zinaongezeka, na batoto hawataacha. Afadhali watelezee pale kuliko mbele ya beseni la mama.