Ndege yenye kamera: Ni upelelezi, ujasusi au upimaji?

Mwanafunzi wangu mmoja, mwenyeji wa Garsen, alinijia ofisini akiwa na swali. Kwao Tana River, wapimaji ardhi walirusha kidege kisicho na rubani. Barazani, mzee mmoja akakiita 'ndege ya kijasusi'. Mkutano ukavurugika hapo hapo. "Prof, neno hilo lilikuwa sahihi?"

Hebu tuanze na historia ya huko huko. Mwaka wa 1940, Mto Tana ulikuwa mstari wa ulinzi wa majeshi ya Uingereza dhidi ya Waitalia waliokuwa Somalia. Ramani za nyika iliyo kati ya Tana na Juba zilikuwa chache. Mwaka huo huo, Skwadroni ya 60 ya Afrika Kusini iliundwa Nairobi, kazi yake ikiwa kupiga picha kutoka angani. Kismayu ilitekwa Februari 1941.

Kazi yenyewe ilihitaji kasi. Chukua mfano wa ndege ya kijeshi inayokwenda kilomita 720 kwa saa, yaani mita 200 kila sekunde. Ikiwa juu mita 3,000, picha moja ya kamera kubwa ya filamu huweza kufunika kilomita 4.5 hivi za ardhi. Picha zinazofuatana sharti zipishane kwa asilimia 60, ili kila mahali paonekane mara mbili na msomaji wa picha aweze kutambua kilima na bonde. Kwa hivyo, kamera hupiga kila baada ya sekunde 9. Ikishuka hadi mita 300 ili kuona magari na mahandaki, muda huo hupungua hadi chini ya sekunde moja. Mota ndiyo huvuta mkanda wa filamu, kwani mkono wa binadamu hauwezi kasi hiyo.

Isitoshe, hata lenzi ikifunguka kwa sehemu moja tu ya 500 ya sekunde, ndege huwa imesogea sentimita 40. Picha itakuwa na ukungu. Dawa yake ni kuisogeza filamu yenyewe wakati huo huo, kwa kasi ile ile ya taswira inayopita.

Sasa basi, kazi hiyo tuiiteje? 'Upelelezi' hutokana na kitenzi 'peleleza', yaani kuchunguza ili kupata habari. Askari wa upelelezi wa jinai hupeleleza. Rubani wa kijeshi pia. 'Ujasusi' umetokana na Kiarabu, na kiini chake ni kujificha: jasusi huvaa sura isiyo yake. Hata Kanuni za Hague za mwaka wa 1907, kifungu cha 29, hazimhesabu mwanajeshi asiyejificha kuwa jasusi. Ndege ya jeshi yenye alama zake hufanya upelelezi. Anayetafuta urefu, upana na mipaka ya ardhi hufanya upimaji, ijapokuwa kamera ni aina moja.

Tofauti hii si ya kamusi tu. Katika delta ya Tana, mapigano ya wakulima na wafugaji mwaka wa 2012 na 2013 yaliua watu zaidi ya 100, na ardhi na maji vilikuwa kiini cha uhasama huo. Picha ya angani itaonyesha njia ya ng'ombe kuelekea mtoni. Haitaonyesha kwamba njia hiyo ni malka, wala makubaliano ya wenyeji kuihusu. Ndiyo maana simlaumu mzee yule kwa hofu yake. Mtu asiyeambiwa chochote ataona kificho, na palipo na kificho neno 'jasusi' huja lenyewe.

Nilimjibu mwanafunzi wangu kwamba neno sahihi lilikuwa 'upimaji', mradi wapimaji wajitambulishe. Baraza lijalo na liwaulize: mnapima nini, kwa niaba ya nani, na picha hizo tutaonyeshwa lini?