Alcoblow na haki za dereva: sheria inasemaje?

1/ Kila msimu wa sherehe mabishano ni yale yale: huyu anasema alcoblow inaokoa maisha, yule anasema inakanyaga haki. Wacha nieleze, polepole.

2/ Kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki kinamlenga dereva aliyelewa kiasi cha kushindwa kudhibiti gari. Adhabu: faini hadi Sh100,000, jela hadi miaka 2, au zote mbili.

3/ Kanuni za 2011 zilitazama kipimo cha pumzi tu. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ikasema kuzidisha kipimo pekee hakuthibitishi kosa la kifungu cha 44. Haikusema mlevi aendeshe!

4/ Ukishikwa, Kifungu cha 49 cha Katiba kinakupa haki ya kuambiwa sababu, kunyamaza, kuongea na wakili na kufikishwa kortini ndani ya saa 24. Lakini saa hizo zikiisha korti imefungwa, unangoja siku ya korti inayofuata. Ndiyo maana wa Ijumaa usiku huogopa kulala seli hadi Jumatatu.

5/ Hapo ndipo kitu kidogo huingia. Dereva asiyejua kwamba dhamana pia ni haki yake hulipa barabarani, na mlevi anaendelea na safari.

6/ Kwa hivyo mwanasiasa akikwambia uchague usalama au haki, muulize: hongo ya barabarani imemlinda nani?