"Baba, Leo Umekula Nini?"

Mvuvi anayepanda kutoka mwaloni Kirumba, Mwanza, akiwa ameshika tumbo anajua ataulizwa linauma wapi. Nesi anayezijua dawa zake humwongezea swali la pili: "Baba, leo umekula nini, na saa ngapi?" Wengine hulipokea kama maongezi tu. Kumbe tiba imeshaanza.

Chukua prazikwanteli, dawa ya kichocho. Kandokando ya Ziwa Victoria kimeenea kichocho cha tumbo: minyoo hupenya kwenye ngozi mtu anapooga, kufua au kuvuta nyavu kwenye maji yenye konokono, kisha huhamia katika mishipa ya damu ya utumbo. Mayai yao hunasa kwenye ini. Miaka ikipita ini hujaa makovu, damu ikakosa njia, mishipa ya koo la chakula ikavimba, na siku moja mtu akatapika damu. Hapo ni safari ya Bugando, hospitali ya rufaa iliyopo Mwanza tangu 1971.

Kipimo cha prazikwanteli ni miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili, kwa hiyo mtu wa kilo 60 humeza vidonge vinne vya miligramu 600 kwa mkupuo mmoja. Ni vikubwa na vichungu kwelikweli. Dawa inapogawiwa shuleni, mtoto husimamishwa kando ya kijiti chenye alama, na urefu wake ndio unaosema apewe vingapi. Lakini kwanza anywe uji! Chakula hupunguza kichefuchefu na husaidia dawa kuingia mwilini. Mwaka 2008, mjini Morogoro, ugawaji wa dawa hii mashuleni uliishia kwenye vurugu baada ya watoto kudhurika; wapo waliokuwa wamemeza na njaa.

Omeprazoli, ya vidonda vya tumbo, inataka kinyume chake: imezwe nusu saa hivi kabla ya chai ya asubuhi. Chakula ndicho kinachoamsha tezi za asidi tumboni, na dawa inatakiwa iwe imeshawahi kufika.

Na diklofenaki? Hiyo mvuvi haitaji, kwa kuwa kwake ni dawa ya mgongo, aliinunua duka la dawa baada ya usiku mzima wa kuvuta dagaa. Lakini dawa za maumivu za jamii hiyo hupunguza utando unaoukinga ukuta wa tumbo, na zikizoeleka huchimba vidonda. Nesi asipododosa, mgonjwa ataendelea kuuzima moto kwa mkono mmoja na kuumwagia petroli kwa mwingine.

Kwa hiyo usiondoke dirisha la dawa kabla hujauliza: kabla ya kula au baada? Dawa ya mgongo itaje hata usipoulizwa. Na ukipata choo cheusi kama lami, usisubiri kidonge cha mtu yeyote; nenda hospitali siku hiyohiyo.